Kijiti cha Baba Mdogo

Gari linanuka tope tangu juzi. Kijana kalipitisha Jangwani, lile bonde la Dar es Salaam linalojaa maji, mvua ikimwagika, na nilipomuuliza alikuwa anawaza nini akasema, "Baba, wenzangu wote walikuwa wanapita."

Maneno hayo nilishayasema mimi. Januari 1998, ile mvua ya El Niño, njia ya Dodoma kwenda Iringa ingali ya udongo. Bibi alikuwa azikwe saa kumi. Nilikuwa na leseni ya miezi mitatu na Land Rover ya Baba Mdogo, mwenyewe kakaa kushoto ananisemesha tangu alfajiri: punguza mwendo, usikanyage breki ghafla, liachie nafasi lori la mbele. Nilishamchoka.

Kabla ya Mtera tukakuta korongo limejaa. Maji mekundu, yanaburura magogo, yananguruma kama mashine ya kusaga. Barabara ilizama huku ikaibukia kule, hatua hamsini hivi. Nikatia gia ya kwanza. Baba Mdogo akanyoosha mkono, akazima gari, akachomoa ufunguo na kuutia mfuko wa shati. Akashuka na mvua ile ile, akavunja kijiti, akakichomeka pale maji yalipoishia. Akarudi kalowa chapachapa, anatiririka hadi kwenye kiti.

"Unaiona barabara chini ya maji?"

"Siioni, Bamdogo."

"Basi huijui kama ipo."

Haukupita muda likaja basi. Hata halikusimama. Likaingia, maji yakameza matairi, likalalia kidogo upande wa mkondo, nikasikia abiria wakipiga mayowe, halafu hilo, likapanda ng'ambo. Konda akatupungia mkono.

"Wenzetu si wanapita!" nikasema.

Alikuwa anakitazama kijiti.

Tulivuka saa kumi na moja jioni. Iringa tukaingia usiku, kaburi limeshafukiwa, na shangazi akauliza mbele za watu imekuwaje waliopanda basi wakawahi. Baba Mdogo hakujibu. Na aliyezikwa, kwangu bibi, kwake ni mama mzazi.

Yote haya nimemsimulia kijana. Akanisikiliza vizuri, hadi mwisho, kisha akauliza: "Kwa hiyo, Baba, mngepita tu?"

Nimetoa makapeti ya gari nimeyaanika ukutani. Jua lenyewe halijatoka.