Namna nilifikia kuvuna saladi mu nyumba, ku mawe ya lave, hapa Goma

Kwetu ukitaka kupanda hata mistari mbili ya lengalenga nyuma ya nyumba, jembe inagonga jiwe kabla haijaingia. Kiwanja ya baba ilifunikwa na lave, ule moto wa mawe wenye volkano Nyiragongo ilitapika tarehe 17 Januari 2002, ile yenye ilipita katikati ya mji mpaka ku ziwa, na sisi tukajenga juu yake kama vile watu wengi walifanya. Basi mboga tunanunua yote, inatoka Masisi, Rutshuru, Minova, ao inavuka toka Gisenyi, na siku barabara inafungwa mama anarudi ku soko na seleri ya kuhesabu majani.

Njo maana nilipoona ku intaneti vile vimashine vya kulima ndani ya nyumba, nilipenda sana. Ni kisanduku chenye taa, maji na fasi ya kutia mbegu, na watu wanachanga pesa mbele hata hakijatengenezwa, ku Kickstarter na fasi zingine kama hizo. Click & Grow ya Estonia ilichangiwa hivyo mu 2013. Mimi nilichagua ingine, jina naacha. Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa wa Nairobi, akalipa na karte yake dola 140 nami nikawa namrudishia kidogo kidogo.

Walisema miezi sita. Nilingoja miaka mbili. Na hapo njo nilisoma kile nilipaswa kusoma mbele ya kutuma pesa, kwamba kuchanga si kununua ku duka, Kickstarter yenyewe iliandika hivyo mu 2012, na uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wa 2015 ulikuta karibu miradi 9 ku 100 haifikishe kile iliahidi. Kuchelewa njo kawaida kabisa.

Kilifika, nikapanda, majani yakatoka vizuri, watoto wanaamka asubuhi wanakimbilia kuangalia. Wiki ya tatu programu ya simu ikakataa kufunguka. Ile kampuni ilikua imefunga, na taa haiwake bila programu. Niliumia kweli, pesa ile ilikua ya masomo ya watoto nusu.

Siku moja nikachukua turnavisi (bisibisi) nikakifungua. Ndani ni taa ndogo za nyekundu na buluu, pompi moja, beseni, basi. Nikakaa chini nikawaza: mmea unataka mwangaza, maji yenye madini, na hewa ku mizizi. Sasa mwangaza, wale wa Ulaya wanahitaji taa sababu Desemba jua yao inazama mapema sana, lakini sisi tuko karibu na ikweta, saa 12 za mchana mwaka mzima! Nikaondoa bati moja ya kachumba kadogo ka nyuma, nikatia ile ya plastiki yenye kupitisha mwangaza, taa ikawa haina kazi.

Mtu ataniuliza kama jua iko, kwa nini usipande inje? Juu ya moshi wa Nyiragongo. Mvua ikipita mule inashuka na asidi, inachoma majani, bati zetu zinaliwa na kutu sisi wote tunajua. Na mawe, ile yenye tunatukana kila siku, ile nyepesi yenye matundu, inashika maji na inaacha hewa ipite, mizizi inaipenda. Nilivunja ndogo ndogo ukubwa wa maharagi nikaosha mpaka maji ikatoka safi.

Kupanda mu chupa, wazo nilipata kwa Windowfarms ya Britta Riley wa Brooklyn, yeye alininginiza chupa za plastiki mu dirisha na akaacha ramani wazi ili kila mtu atengeneze. Lakini yake inataka pompi, na kwetu umeme inakatika. Njo nikafuata namna ya Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii: unajaza maji mara moja, mmea unakunywa, maji ikishuka inaacha hewa ku mizizi ya juu, hakuna pompi hata moja. Bidon, ni kusema dumu ya maji, unaifunika na kitu cheusi sababu mwangaza ikiingia maji inakua kijani, na tundu zote unaziba, mbu wasizalie mule.

Sasa shida yenyewe. Majani yakawa manjano, mishipa tu njo inabaki kijani. Nikaongeza mbolea, ikazidi. Nikatupa mara mbili. Kumbe ni maji! Ya bomba kwetu inatoka ziwani, na Kivu pH yake, kile kipimo cha asidi, iko karibu 9 (ikishuka chini ya 7 njo asidi), wakati mimea ya namna hii inataka 5.5 mpaka 6.5, pasipo hapo chuma iko mu maji lakini mzizi hauwezi kuichukua. Nilinunua karatasi za kupima pH nikaanza kukamulia malimao, na maji ya ziwa haishuke bure, bidon moja ya litre 20 ilikula malimao karibu kumi, alafu baada ya siku chache inapanda tena. Nikaanza kuchanganya na maji ya mvua nusu kwa nusu, nachota siku moshi inaelekea upande mwingine na naacha mvua ioshe bati kwanza. Malimao ikabaki tatu ao ine. Napima kila siku tatu. Mbolea pia, nitrati ya kalsiamu natia mu chupa yake na salfati ya magnezi mu yake, ukizichanganya zikiwa kali zinaganda nyeupe chini na mmea haupate kitu.

Mavuno ya kwanza ilikua wiki ya sita. Saladi kumi na moja, seleri ikafuata. Mama jirani, yenye aliniuliza "Papa, unapanda mawe?", alikula mbili.

Yaya alinitumia habari ya yale makampuni makubwa ya Marekani ya kulima ndani, AeroFarms iliomba ulinzi wa kufilisika mu 2023, Bowery ikafunga mu 2024, akaniambia: kazi yako imekufa. Sikubali. Wao walilipia umeme ya kuwa jua. Mahindi na maharagi hazitatoka mu chupa zangu, tutaendelea kula ya Masisi, lakini majani, yale yenye kuoza haraka mu njia, naweza kuyatoa hapa.

Bidon ziko tisa sasa. Ya kumi iko kwa mama jirani, pH yake jana ilikua 7, leo magaribi narudi kwake na malimao.