Hema la watu wanne

Nilipomwambia mama yangu kwamba likizo hii ya Juni nitawapeleka wajukuu zake wakalale kwenye hema kwenye hifadhi ya milima ya Udzungwa, aliacha kupeta mchele akanitazama. "Una nyumba ya tofali, una feni, una choo cha ndani. Huko porini unafuata nini, baba?"

Nikasema nataka watoto waone nyota. Akainua macho juu mara moja, kama mtu anayehakikisha kama nyota bado zipo, akarudi kwenye ungo wake.

Sisi ni wa Kinyerezi, Dar es Salaam. Wa kwanza ana miaka 9, kitindamimba ana 6, na hakuna aliyewahi kulala mahali pasipo na swichi ya taa ukutani. Mikumi ingekuwa karibu zaidi, na barabara kuu inapita katikati ya hifadhi, lakini Mikumi simba ndio wenyeji na mimi sijafikia imani ya kumlaza mtoto wa miaka 6 nyuma ya kitambaa. Tembo wapo hata Udzungwa, hilo nalijua. Ila kambi tunayoitaka iko jirani na lango la Mang'ula, na ndani ya hifadhi hakuna barabara za magari, ni kutembea kwa miguu na muongozaji. Hicho ndicho kilichonivutia. Watoto wangu wakikaa kwenye gari saa mbili wanauana.

Hema nimeazima kwa mfanyakazi mwenzangu. Kwenye mfuko wake imeandikwa ni la watu wanne. Aliyeandika nadhani alikuwa anafikiria watu wanne waliokwisha kusameheana kila kitu.

Jumamosi iliyopita tukalipiga uani na kulala humo wote, mimi, mama watoto na wale wawili, kwa majaribio. Nilikuwa nimepanga nusu saa ya kusimamisha hema. Tulitumia saa moja na robo, vigingi viwili vikapinda kwa sababu uani kwetu chini ya mchanga kuna kifusi cha fundi. Kwa kuogopa mbu nilifunga kila kidirisha, kitambaa na zipu, nikasahau kwamba watu wanne wanapumua. Alfajiri maji yalikuwa yanatudondokea kutoka juu kana kwamba mvua imenyesha humo ndani. Kumbe hema lina chandarua chake kwenye madirisha, unafunga hicho na kuacha kitambaa wazi, hewa ipite. Chini tulitandika mkeka tu. Saa kumi ubaridi ulikuwa umetupanda hadi kwenye mifupa, na hapa ni Dar es Salaam! Tumeongeza magodoro membamba ya sponji.

Lakini kilichotushinda kabisa ni haja ndogo. Saa tisa usiku kitindamimba akaamka. Tochi iko chini ya mtu, hajulikani nani. Zipu iko upande gani, hatukumbuki. Alipotoka akaona giza la mti wa mwembe, mwembe ule ule anaoupanda kila siku, akagoma kwenda hatua moja mbele. Unaweza kukisia mwisho wake.

Asubuhi mama yangu alikuta tunaanika shuka. Hakucheka. Akauliza, "Kopo mmeweka wapi?"

Na hapo ndipo nilipokumbuka ninazungumza na nani. Mama amekulia Ifakara, kwenye mpunga wa bonde la Kilombero. Alipokuwa na umri kama wa wajukuu zake alikuwa akilala dunguni, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, msimu mzima, kulinda mpunga. Mchana wanafukuza ndege, usiku wanagonga madebe nguruwe wasiingie, na kwenye mashamba ya karibu na mto, viboko. Nimezisikia hadithi hizi tangu utotoni na sikuwahi kuzihesabu kuwa ni ujuzi. Mimi nilikuwa natazama video za Wazungu.

Basi tukakaa kibarazani, nikachukua daftari. Kopo lenye mfuniko, sehemu moja isiyobadilika, kushoto kwa mlango. Tochi ifungwe kwa kamba juu, iwe inaning'inia, kila mtoto aishike gizani mara kumi kabla ya kulala. Kabla ya kutandika, kagua ardhi kama kuna njia ya siafu. Ukiiona, hama, usibishane nao. Kibiriti kikae kwenye chupa ya dawa yenye kifuniko. Chakula kisilale na watu. Hilo la mwisho linakwenda sambamba na niliyoyasikia kuhusu nyani wa Mang'ula, kwa hiyo kila kitu cha kuliwa kitalala ndani ya gari, hata pipi zilizo mfukoni mwa mtu.

Akaniuliza kama watoto wanamjua perere. Nikasema ni mnyama mdogo, kama sungura asiye na masikio marefu, anakaa mitini. "Sauti yake, nakuuliza sauti." Nikaitafuta kwenye simu. Jamani. Ni kama mtu anakabwa koo huku mlango wa zamani unafunguliwa. Kama wangeisikia kwa mara ya kwanza saa sita usiku msituni, tungerudi Kinyerezi usiku huo huo. Sasa wameisikia mara hamsini na nyumba nzima ni perere, wanapigiana kelele hizo hata mezani. Mama watoto amenionya.

Mengine ni ya kawaida. Dawa ya kujipaka na suruali ndefu kuanzia jioni, maana Kilombero mbu wake ni wa malaria na chandarua cha hema hakikulindi wakati unakula nje. Kipimajoto, dawa ya maji ya homa, plasta. Mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu yake. Maharage nitayachemsha nyumbani. Maporomoko ya Sanje, yale yanayoshuka mita 170 kwa hatua tatu, nimeyafuta kwenye ratiba. Kupanda mlima na mtoto wa miaka 6 ni kupanda mlima na mtoto wa miaka 6 mgongoni. Tutakwenda yale madogo yaliyo karibu na lango.

Jana usiku nilikuwa napanga mizigo kwenye buti, kila kitu kimeingia, nimejipongeza. Mama akatokea na kapu, ndoo mpya mbili na mfuko wa sukari wa kilo tano.

"Kutoka hapo Mang'ula kwenda Ifakara ni pua na mdomo," akasema. "Mtanifikisha kwa dada yangu. Mimi hemani silali."

Nimeanza kupakua.