Nilivyozing'oa programu nisizoziomba kwenye kompyuta ya nyumbani

Nilichokuwa nataka ni programu ndogo ya bure ya kuunganisha mafaili ya PDF, basi. Nikaandika jina lake kwenye kivinjari, nikabofya jibu la kwanza kabisa. Sikutazama kwamba lilikuwa tangazo, si ukurasa wa walioitengeneza programu yenyewe. Ukurasa uliofunguka ulikuwa na vitufe vitatu vikubwa vya kijani, vyote vimeandikwa "Pakua". Faili lililoshuka halikufika hata megabaiti 2. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka, maana faili dogo namna hiyo mara nyingi si programu bali ni kipakuzi: ukishakiruhusu, kinakwenda chenyewe mtandaoni kuchukua vitu vingine. Nikachagua usakinishaji wa haraka, nikabofya "Nakubali", "Endelea", "Endelea", nikaenda zangu.

Kesho yake binti yangu akaniita. "Baba, mbona nikifungua intaneti inaniletea ukurasa mwingine? Na hiki kidirisha kinasema kompyuta yetu ina makosa mengi, kinataka tulipie."

Nikakaa. Kulikuwa na upau mpya juu ya kivinjari, mtambo wa kutafuta nisioujua, na programu ya "kuharakisha kompyuta" ambayo kila baada ya dakika chache inajitokeza pembeni ikihesabu makosa kwa wino mwekundu. Kompyuta yenyewe ilikuwa inajikokota. Nilichomwambia kwanza ni kwamba asilipe chochote wala asiandike nywila yoyote humo mpaka nimalize.

Nilianzia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya programu zilizosakinishwa, nikaipanga orodha kwa tarehe badala ya herufi. Kwa herufi, takataka hizi zinajificha katikati ya programu halali, na majina yao yametungwa yafanane na vitu vya maana. Kwa tarehe zilijipanga mstari mmoja: tano, zote za Jumamosi ileile. Moja tu ndiyo niliyoiomba.

Kuziondoa kulinichosha zaidi ya nilivyodhani. Ile ya kuharakisha kompyuta ilifungua dirisha lenye kitufe kikubwa cha buluu kilichoandikwa "Baki salama", na chini yake maneno ya kijivu yaliyopauka, madogo, "endelea kuondoa". Nikayabofya. Likaja dirisha la pili, swali limegeuzwa: je, unataka kughairi uondoaji? Safari hii "Ndiyo" ndiyo iliyokuwa ya buluu. Mtu mwenye haraka angebofya hapo akaamini ameiondoa, kumbe ameibakiza. Nilisoma kila neno polepole, na naomba yeyote aliye kwenye hali hiyo afanye vivyo hivyo. Nyingine ilikataa ikisema bado inatumika. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja ili kufungua Task Manager, dirisha linaloonyesha programu zinazofanya kazi muda huo, nikaisimamisha humo, kisha ikakubali kuondoka.

Kwenye kivinjari nikaondoa viendelezi viwili, yaani programu ndogo zinazobandikwa ndani yake, nikarudisha ukurasa wa mwanzo na mtambo wa kutafuta wa zamani, nikafuta pia ruhusa za arifa zilizokuwa zimetolewa kwa tovuti nisizozijua. Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Ukurasa ule ukafunguka tena.

Nikairudia kazi nzima, na tena ukarudi. Ndipo nikaacha kuufuta, nikaanza kutafuta ni nini kinachourudisha.

Jibu la kwanza nililikuta mahali ambapo sikuwahi kupatazama maishani: kwenye ikoni yenyewe ya kivinjari. Nilibofya kitufe cha kulia cha panya juu ya ile njia ya mkato, nikachagua sifa zake, nikatazama kisanduku kinachoonyesha faili linalofunguliwa. Mstari unapaswa kuishia kwenye chrome.exe na alama ya kufunga nukuu. Wangu uliendelea: baada ya nukuu kulikuwa na nafasi, kisha anwani ndefu ya ile tovuti. Kwa hiyo kivinjari kilikuwa kizima, ila kila kikifunguliwa kinaagizwa kiende huko. Nikafuta kila kilichofuata baada ya nukuu. Ikoni ya kwenye dawati ilikuwa hivyo, na ya kwenye upau wa chini vilevile. Kila moja inasafishwa peke yake.

Jibu la pili lilikuwa kwenye Task Scheduler, orodha ya kazi ambazo Windows inazifanya kwa ratiba. Kazi nyingi humo ni za mfumo wenyewe na hazifai kuguswa. Lakini moja ilikuwa na jina la herufi zilizorundikwa ovyo, imepangwa ifanyike kila mtu anapoingia kwenye kompyuta, na faili inaloliita limo ndani ya AppData, folda ambayo kwa kawaida haionekani. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiziandika upya zile anwani. Niliifuta kazi, kisha nikafuta na folda yake.

Kwa mabaki nilitumia AdwCleaner, programu ya bure ya kusafisha takataka za namna hii, kutoka kwenye ukurasa wa Malwarebytes wenyewe. Anwani niliiandika kwa mkono, sikupitia matangazo tena, kwa sababu kuna programu nyingi zinazojiita visafishaji ambazo nazo ni uchafu uleule. Haihitaji kusakinishwa, inakagua, inakuonyesha ilichokiona, inaondoa. Kisha nikaiacha Defender, kinga ya virusi inayokuja na Windows, ifanye ukaguzi kamili usiku kucha.

Nilidhani nimemaliza. Siku mbili baadaye nikafungua laptopu yangu, ambayo sikuwa nimepakua kitu, na kiendelezi kimojawapo kilikuwa kimekaa humo kinanisubiri. Akaunti ya kivinjari ni moja, na usawazishaji ulikuwa umewashwa, kwa hiyo ulikibeba pamoja na alamisho zangu. Nilizima usawazishaji kwenye mashine zote mbili, nikahakikisha zote ni safi, ndipo nikauwasha tena. Nywila za barua pepe na za benki nilibadilisha siku hiyohiyo.

Binti yangu aliuliza kwa nini watu wanafanya hivi. Nikamweleza kwamba kila programu ya ziada inayosakinishwa kuna anayelipa ili iwemo, na fedha hizo ziliwahi kuingia hata kwenye tovuti zilizoheshimika. SourceForge, tovuti ya kupakulia programu, ilianza mpango wa namna hiyo mwaka 2013, na waandaaji wa GIMP, programu ya kuhariri picha, wakaihama mwaka huohuo. Mpango ulifutwa mwaka 2016 baada ya tovuti kupata wamiliki wapya. Kilichoniudhi kuliko yote ni kwamba Windows ina kinga dhidi ya programu zisizotakiwa, chini ya ulinzi unaotegemea sifa ya programu, na tangu Agosti 2021 Microsoft walianza kuiwasha yenyewe kwenye Windows 10. Yetu ilikuwa imezimwa. Niliiwasha binti yangu akiwa pembeni, aone ilipo.

PDF zangu zilikuwa bado hazijaunganishwa. Jumamosi iliyofuata nikaenda kwenye ukurasa wa watengenezaji wenyewe, nikapakua, na safari hii nikachagua usakinishaji wa kuchagua mwenyewe. Kwenye dirisha la tatu kulikuwa na kisanduku kimeshawekwa tiki, kinapendekeza kivinjari kingine. Nikakitoa tiki, nikaendelea. Baadaye nikafungua ile orodha na kuipanga kwa tarehe: siku hiyo ilikuwa na mstari mmoja tu.