Ejenti haoni kodi (code) yako, anaona maelezo tu

Wengi tunaojenga maejenti wa AI, yaani programu zinazotumia modeli ya lugha kufanya kazi zenyewe, muda wetu unaishia kwenye kodi. Unaandika fanksheni, unaitesti, ikikubali unasonga mbele, alafu ukifika kwenye maelezo ya zana (ndo hiyo fanksheni ejenti anayoweza kuiita) unaandika "inaweka miadi" basi. Mi nataka tukae hapo hapo kwenye hiyo sentensi, sababu ejenti atakayeitumia zana yako kodi yenyewe haioni kabisa. Anachopewa ni jina la zana, maelezo yake, na skima ya JSON, yaani kama fomu inayotaja parameta (vitu vya kujaza). Ilikuwa hivyo OpenAI walipoleta mfumo wa kuita fanksheni Juni 2023 na iko hivyo kwenye MCP, utaratibu wa kuunganisha ejenti na zana ambao Anthropic waliutoa Novemba 2024. Usichokiandika pale atakikisia, tena atakisia bila kusita.

Chukua ejenti wa kliniki anayechati na wagonjwa WhatsApp. Zana inaitwa weka_miadi, parameta zake simu, tarehe na saa. Ukiitazama hivi unaona imekaa poa. Sasa anakuja mama mmoja anaandika "naomba kesho saa 3 asubuhi". Kwetu hiyo ni 09:00 na kila mtu anajua, ila modeli imesoma Kiingereza kingi kuliko Kiswahili, kwaiyo leo inaweza kukupa 09:00 na kesho ikakupa 03:00, na kibaya ni kwamba 03:00 ni saa halali kabisa kwenye skima, hakuna kitakachogoma, miadi inaingia tu kwenye mfumo na mama anafika anakuta jina lake halipo kwenye listi ya asubuhi. Mi kwenye parameta ya saa naandika hivi:

"Andika kwa mfumo wa masaa 24, mfano 09:00. Mteja akitumia saa za Kiswahili ongeza au punguza masaa sita: saa 3 asubuhi ni 09:00, saa 10 jioni ni 16:00, saa 2 usiku ni 20:00. Akiandika 9am au 09:00 iache ilivyo. Akisema saa 3 bila kutaja asubuhi wala usiku, muulize kwanza, usiite zana."

Ndefu, ndio. Na najua kwa kawaida maelezo yote yanapakiwa kwenye konteksti (maandishi ambayo modeli inasoma) kila ejenti anapofanya kazi, na tokeni, yaani vipande vya hayo maandishi, zinalipiwa. Lakini ukitaka kupunguza punguza sifa, zile "zana yenye nguvu ya kusimamia miadi kwa urahisi", hizo hazimsaidii ejenti chochote. Fomati na mifano viache.

Namba za simu nazo ni hivyo hivyo. Mtu anaandika 0712, mwingine +255, mwingine anaanza na 7 moja kwa moja. API ya Daraja (njia ya programu kuongea na M-Pesa) kule Kenya inataka 2547XXXXXXXX, bila sifuri ya mbele na bila alama ya kujumlisha, sasa kama maelezo yako yanasema tu "namba ya simu" ejenti atapeleka alivyopewa. Tarehe: 03/04 kwetu ni tarehe 3 Aprili, Mmarekani anasoma Machi 4, kwaiyo taka mwaka-mwezi-siku na weka mfano. Pesa: ukiandika "kiasi" taja sarafu, maana mteja wa Namanga, pale mpakani, akisema shilingi elfu tano inaweza kuwa ya Tanzania au ya Kenya na tofauti siyo ndogo.

Kingine kinachosahaulika sana ni kusema zana isitumike lini. Ukiwa na tafuta_mgonjwa na pata_mgonjwa kwenye mfumo mmoja, ejenti atachagua yoyote. Andika wazi: pata_mgonjwa ni pale tu namba ya kadi unayo, kama una jina tu tumia tafuta_mgonjwa. Na kwa zana kama futa_miadi mi huwa naandika kabisa kwamba SMS inaenda kwa mgonjwa papo hapo na miadi hairudi, kwaiyo ejenti apate "ndiyo" ya mgonjwa kwanza. Hata meseji za kosa ni sehemu ya maelezo yako, "kosa 400" (namba ya kusema tu ombi limekosewa) haimwambii kitu, "namba ianze na 255, tarakimu 12" anajirekebisha mwenyewe na mteja wala hajui.

Haya yote developa peke yake hayajui vizuri, anayajua dada wa mapokezi anayepokea hizo simu kutwa nzima. Kwaiyo nachofanya, naprinti maelezo bila kodi, nampa na meseji za wagonjwa zilizofutwa majina, namwambia ajaze kila parameta kwa kalamu. Kila anaposimama kuuliza, pale ndo maelezo yana tundu. Dada mmoja alikwama kwenye "nije mchana na mtoto": mchana ni saa ngapi, na miadi ni ya mama au ya mtoto? Tukaongeza parameta ya jina la mgonjwa, maana namba ya simu mara nyingi ni ya mzazi, na kwenye saa tukaweka sentensi yake yeye kama alivyoisema: "Akisema mchana, mtajie nafasi zilizopo kuanzia saa 6 mpaka saa 9 achague mwenyewe."