Nilivyokomesha mtikisiko wa gurudumu la mbele kwenye ndege niliyoiunda mwenyewe

Naandika haya kwa sababu nimechoshwa na ushauri wa "kaza nati tu". Mtu hajaiona ndege yako, hajui foku yako, yaani ule uma unaoshika gurudumu, imekaaje, lakini dawa anayo mdomoni tayari. Mwingine anakwambia ndege hizi zote hutikisika, zoea. Mwingine anakutuma ukanunue tairi. Mimi ndege yangu, RV-7A ya viti viwili, nimeiunda kwa mikono yangu gerejini kwangu hapa Ohio, ribiti kwa ribiti, na saa 40 za majaribio nimeirusha bila gurudumu la mbele kunisumbua hata kidogo. Shida ilikuja baadaye. Nimeimaliza, haijarudi, na kifaa kilichonisaidia kuliko vyote ni mizani ndogo ya kupimia mabegi ya safari.

Kwa asiyezifahamu ndege hizi: gurudumu la mbele haliongozwi na pedali. Linajigeukia huru kama la toroli la supamaketi, na rubani anakata kona kwa kukanyaga breki ya gurudumu kubwa la kushoto au la kulia. Mguu wenyewe ni fimbo ya chuma inayotoka chini ya injini na kushuka kuelekea mbele. Mwishoni umeinama ukawa karibu wima, na hapo ndipo foku inapopachikwa, ikiburuta gurudumu nyuma yake. Chini ya foku kuna nati yenye mapengo, pini ya kuizuia isifunguke, na washa mbili, yaani pete bapa, za chuma cha springi zenye umbo la sahani. Hizo washa zinaibana foku ili isigeuke kirahisi mno. Ni hivyo tu. Hakuna shokomzoba, hakuna kifaa cha mafuta cha kutuliza mtikisiko kama kile cha Cessna. Msuguano wa hapo ndio breki pekee ya foku.

Shimi, yaani mtikisiko huo, kwangu ilikuwa hivi. Natua vizuri, nashusha pua taratibu, ndege inapunguza mwendo, na ikifika kama noti 20 hivi, yaani kilomita 37 kwa saa, nikipita juu ya kiungo cha lami, foku inaanza kupiga kushoto kulia kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Dashibodi yote inatetemeka, saa za vipimo hazisomeki, miguu inaganda kwenye pedali. Nikivuta usukani nyuma kuipunguzia pua uzito, inatulia. Kwenye lami laini haiji kabisa. Hilo la kuja mahali penye kiungo tu ndilo lililonifanya nisikubali jibu la "zoea".

Tairi nilibadilisha, maana la zamani lilikuwa limeanza kuliwa upande mmoja na lingebadilishwa tu. Nikasawazisha gurudumu kwa vipande vya risasi: unalipachika kwenye ekseli iliyolala, linajizungusha lenyewe mpaka upande mzito unashuka chini, unabandika risasi upande wa juu, unarudia mpaka linasimama popote. Kazi nzuri, na nawashauri wote waifanye. Ndege ikawa laini zaidi wakati wa kuruka. Lakini shimi ilibaki pale pale, noti 20, kiungo cha lami. Aliyenihakikishia kwamba ni tairi akaniambia basi ongeza upepo. Nikaongeza, nikapunguza. Upepo unahamisha tu mwendo ambao mtikisiko unaanzia, hauuondoi.

Nieleze kwa nini, kwa sababu ukilielewa hili hutatapeliwa. Foku ikigeuka kidogo, mpira wa tairi unapinda kiubavu na kuchelewa kurudi, kisha unaisukuma foku ivuke katikati na kwenda upande wa pili, na huko mambo ni yale yale. Nguvu yote inatoka kwenye mwendo wa ndege, kwa hiyo haiishi wakati unakwenda. Kinachoweza kuila ni ule msuguano wa washa. Sasa sikiliza: foku ikipiga kwa upana mara mbili, msuguano unakula nguvu mara mbili, lakini tairi linaleta kama mara nne. Ndiyo maana mitikisiko midogo inakufa yenyewe bila wewe kujua, halafu kiungo kimoja cha lami kinalipiga gurudumu teke, upana unapita mpaka, na hapo halikamatiki tena hadi upunguze mwendo au uipunguzie pua uzito. Kwa hiyo swali la maana ni moja tu: msuguano wangu ni kiasi gani? Katika wote walionishauri, hakuna hata mmoja aliyeniuliza hilo.

Kabla ya kupima nilitaka nione kwa macho. Nilitoa kava la gurudumu, nikachora mstari mweupe kwenye ubavu wa tairi na mwingine kwenye foku, nikafunga kamera ndogo ya michezo kwenye pete ya chini ya bawa, ile ya kufungia kamba ndege ikiegeshwa, nikaitega ipige picha 240 kwa sekunde. Jumapili asubuhi, uwanja mtupu, nikaikimbiza ndege kwenye barabara ya pembeni kupita vile viungo. Jioni nikaangalia polepole. Ukiangalia video hiyo unaona kila kitu: gurudumu linagonga kiungo, foku inaruka kushoto, inarudi, inapitiliza kulia kidogo zaidi, inarudi tena kwa upana mkubwa zaidi. Mguu wenyewe ulikuwa unapinda lakini haujikunji ovyo, na sehemu ya juu unapoingia kwenye fremu ya injini ilikuwa imetulia. Kwa hiyo bolti ya juu ilikuwa nzima, jambo ambalo lazima ulikague, maana bolti ikilegea pale mguu mzima unajizungusha na utalaumu foku bure.

Sasa mizani. Michoro ya ndege inasema foku ianze kugeuka ikivutwa kwa pauni 22 kwenye ekseli, yaani kilo 10 hivi. Mafundi wengine wana mizani za springi za bei mbaya. Sisi tunaosafiri kwenda nyumbani na mabegi mawili ya kilo 23, nani hana ile mizani ya dijitali yenye ndoano? Yangu imeshapima vitenge, viatu vya watoto, hata sufuria. Inasoma kilo na sehemu zake, na ina kitufe cha kushikilia namba. Ilinigharimu bei ya chakula cha mchana.

Shemeji yangu, fundi magari kutoka Tanga, alikuwa amekuja kututembelea. Tukafunga mkia wa ndege kwa mkanda kwenye ndoo kubwa ya saruji niliyoimwaga kwa kazi hiyo, pua ikainuka, gurudumu likaning'inia. Hili msiliruke: ukipima gurudumu likiwa chini unapima msuguano wa tairi na sakafu, siyo wa foku. Nikapiga grisi kwanza mpaka ya zamani ikatoka, kisha nikaizungusha foku huku na huku mara kadhaa ili grisi isambae. Watu wengi wanapima halafu ndiyo wanapiga grisi, na hapo kipimo chote kimekwenda na maji.

Ndoano kwenye ekseli, mkono ukiwa sawa na sakafu, unavuta kwa pembe ya mraba na foku, polepole, unasoma namba foku inapoanza kwenda na kuendelea kwenda. Namba ya kwanza kabisa usiihesabu, maana foku iliyolala siku nyingi inanata.

"Shem, vuta taratibu, usiishtue."

"Kilo nne na nusu."

"Rudia upande wa pili."

"Nne na nusu ile ile, Shem. Kwani inatakiwa ngapi?"

"Kumi."

Akaiweka mizani chini, akaniangalia. "Sasa hawa waliokuuzia habari ya tairi walipima nini?"

Ndiyo habari yote hiyo. Nilipoifunga mara ya kwanza ilikuwa kumi kamili, nimeandika kwenye kitabu cha ndege. Lakini washa mpya na rangi na nyuso mpya za chuma zinajisaga zikikaa, na msuguano unashuka katika saa za mwanzo. Mtu akikuambia alipima alipounda ndege, muulize amepima lini tena.

Basi kaza nati, si ndivyo? Hapo ndipo ushauri ule unaponiudhi. Nati inahusika, ndiyo, lakini kuna jirani wa hanga (banda la ndege) ya tatu aliyeshauriwa akaze mpaka itulie. Ikatulia kweli. Foku ikawa haigeuki, akawa anakata kona kwa kukandamiza breki mpaka zinanuka, na tairi la mbele likawa linaburuzwa kiubavu na kulika upande. Kila kona inaupinda mguu kwa nguvu ambayo haukuumbiwa.

Nati ya mapengo sita inasogea pengo moja moja, yaani sehemu ya sita ya mzunguko. Kwangu, pengo moja mbele lilinipa kilo saba na kitu. Pengo lililofuata, kumi na tatu. Kumi haipo! Shemeji akasema tutoboe tundu la pili la pini, la kukatiza lile la kwanza, ili tupate nusu ya pengo. Wapo wanaofanya hivyo na linafanya kazi. Mimi sikutaka kuingiza kekee kwenye chuma kinachobeba pua ya ndege. Nilichofanya ni kuweka shimu, yaani pete nyembamba ya kujazia, chini ya nati. Unene ule mdogo unaifanya mbano ule ule upatikane nati ikiwa imesimama mahali pengine, na pengo linakutana na tundu. Tulijaribu shimu za unene tofauti huku Shem akivuta na kusoma, tisa na nusu, kumi na moja, mpaka tukapata kumi na pengo limekaa wazi mbele ya tundu. Nikaingiza pini mpya, kamwe siyo ile ya zamani, nikaikunja. Tulipiga kelele mpaka mwenye hanga ya pili akaja kuuliza kuna nini.

Kuhusu zile washa za sahani: angalia zinavyokaa. Zikiangaliana, mbonyeo ni mkubwa na nati inazungukika vizuri kabla mbano haujaruka. Zikilaliana upande mmoja, ugumu unakuwa mara nne ya huo na kila pengo la nati linakurusha mbali. Fuata mchoro wa ndege yako, usifuate picha ya mtu.

Nilipotua baada ya hapo, viungo vya lami vilipita chini yangu na hakuna kilichotikisika. Ila nilisikia mvumo mdogo kwenye pedali, si shimi, kitu kingine. Kati ya foku na beringi, kila upande, kuna kipande cha alumini cha kushikilia gurudumu katikati. Vile havitakiwi kuzunguka. Nikachora mstari mwembamba wa rangi kutoka kwenye foku mpaka kwenye kipande, kushoto na kulia, nikazunguka uwanja kwa mwendo wa kawaida, nikarudi. Mistari yote miwili ilikuwa imekatika, nusu iko kwenye foku na nusu imehama robo mzunguko. Mpira wa kuzuia vumbi ulikuwa unavikokota vizunguke na gurudumu, vikiisaga foku. Ukikaza bolti ili visizunguke, unaminya beringi mpaka zinalia. Suluhisho ni ekseli ya namna nyingine inayobana pete za ndani za beringi peke yake, na mkazo wa beringi unaupanga kando: unakaza huku unalizungusha gurudumu mpaka linakuwa zito kidogo, unarudisha kiasi, halichezi kiubavu na halikwami. Pamoja na beringi mpya ilinigharimu hela kiasi, lakini haikufika hata robo ya vile "vifaa vya kuzuia shimi" nilivyokuwa nashauriwa kununua.

Kisheria ndege ya kujiundia hapa Marekani inatakiwa ikaguliwe kila miezi 12, na mimi kama muundaji nina cheti cha FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, cha kuikagua mwenyewe. Lakini kipimo cha foku sisubiri miezi 12. Kila nikibadilisha oili mkia unafungwa kwenye ndoo, mizani inatoka kwenye begi, na namba inaandikwa. Mpaka sasa imeshuka mara moja tu, ikafika tisa, nikaweka shimu nene kidogo ikarudi.

Wenye gurudumu la mkia wananiuliza kama hii inawahusu. Kama ni miguu mikubwa ya mbele inayotetemeka, hapana, ile ni springi ya mguu wenyewe. Wengi wanaifunga ubao mwembamba nyuma ya mguu kwa kitambaa cha faibaglasi na gundi, na upepo wa tairi pale una kazi kweli: badilisha pauni mbili tatu kwa wakati, ruka, sikiliza, andika.