RV ya watu wanane: tunavyopanga mikanda, maji na choo

Nyumbani kwetu tuko wanane: baba, mama, bibi na watoto watano. Kila kiangazi hapa Marekani tunakodi RV, lile gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani, tunakaa kambini siku nne au tano. Watu wakitaka kujaribu, kitu cha kwanza wanachouliza ni vitanda. Vitanda ni jambo jepesi. Meza inageuka kitanda, kochi linakunjuliwa, watoto wawili wanalala kwenye kitanda kilicho juu ya kiti cha dereva. Kazi iko kwenye mikanda ya viti, uzito, maji na choo.

Tangazo likisema gari "linalala watu 10", usidhani 10 wanaweza kusafiri humo. Gari la futi 31 la aina tunayokodi, lililojengwa juu ya chasisi ya Ford E-450, unaweza kulikuta na mikanda saba au sita tu. Baadhi ya mikanda hiyo iko kwenye viti vya mezani vinavyotazama nyuma au ubavuni, na huko kiti cha mtoto mdogo hakifungwi. Mwombe mwenye gari picha ya kila mkanda kabla hujalipa. Sisi tunakwenda na gari dogo la pili: bibi na watoto wawili wa viti maalumu wanapanda humo na mama. Faida yake inaonekana kambini pia, maana ukitaka kwenda dukani hulazimiki kung'oa umeme na mipira ya maji.

Karibu na mlango kuna kibandiko kinachosema abiria na mizigo vyote pamoja visizidi uzito gani. Tuseme kinasema kilo 1,090. Wakipanda watu watano, ni kama kilo 300, na tangi la maji safi la galoni 40 likijaa ni lita 150, yaani kilo 150. Zinabaki 640 za vyakula, nguo, baiskeli, viti na sufuria, na zinaisha haraka kuliko unavyofikiri. Kama kambi ina bomba, nasafiri na theluthi ya tangi, najaza nikifika. Vitu vizito vinakaa chini, mbele ya ekseli ya nyuma. Magari haya yana mkia mrefu. Ukirundika mzigo mkiani, mbele kunanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi vibaya kwenye upepo.

Sasa maji. Mtu akioga dakika sita kwa bomba linalotoa lita tano kwa dakika, ametumia lita 30. Wanane ni lita 240, na tangi ni 150. Tena hita nyingi za RV zinabeba galoni sita tu, kama lita 23, kwa hiyo wa tatu anaoga baridi. Sisi tunaoga kwa ndoo ndogo na kopo, lita sita kwa mtu, jumla lita 48. Wengine hufungua bomba, hufunga wakijisugua, kisha hufungua tena, nayo inafaa, ila mtoto wa miaka saba husahau kufunga. Ndoo ikiisha imeisha. Udhu tunatawadhia nje, kwa dumu la lita 20 lenye koki lililowekwa juu ya meza ya kambi, na beseni chini yake. Mtu mmoja anatosheka na lita moja. Maji ya beseni hayamwagwi msituni. Yanapelekwa penye sinki la kambi au tangini.

Vyombo ndivyo vinavyojaza tangi la maji machafu kabla ya kitu kingine chochote. Futa sahani kwa karatasi kwanza, mafuta yasiingie sinki, halafu osha kwenye beseni mbili, ya sabuni na ya kusuuzia.

Tangi la choo linataka heshima zaidi. Likiwa tupu, mimina lita 15 hadi 20 za maji kabla ya mtu yeyote kulitumia. Hata kama kambi yako ina shimo la maji taka pale pale, vali ya tangi hilo ibaki imefungwa. Ukiiacha wazi, majimaji yanakimbia, kinyesi na tishu vinabaki, na siku ya tatu una kichuguu kigumu chini ya choo kisichotoka kwa mpira wala kwa dawa. Sisi tunaotawadha kwa kopo baada ya haja tuna nafuu, kwa sababu maji mengi yanalainisha; gharama yake ni kwamba tangi linajaa upesi. Wanane wakitumia choo mara tano kwa siku kwa lita moja na nusu, hizo ni lita 60. Tangi la galoni 30 linajaa siku ya pili. Kanuni yetu: mchana choo cha kambi, usiku cha gari. Tishu ziwe zile zinazoyeyuka. Waipsi na pedi hapana kabisa, hata kama pakiti inasema zinaingia chooni.

Usiamini taa za kipimo. Tishu hunata kwenye vihisi na taa husema "limejaa" kumbe limebaki nusu. Mulika kwa tochi ukikanyaga pedali. Linapofika theluthi mbili, vaa glavu, funga mpira wa maji taka mpaka ubane, fungua vali ya choo kwanza, subiri mlio uishe, ndipo ufungue ya sinki na bafu ili maji ya sabuni yasafishe mpira. Mpira wa kusuuzia tangi uwe wake peke yake, ukae mbali na ule wa maji ya kunywa.

Umeme wa ampea 30 kwa volti 120 ni wati 3,600. Kiyoyozi kinachukua kama 1,500, jagi la umeme 1,500, mikrowevu karibu hivyo hivyo. Viwili sawa, vitatu swichi inajikata. Maji ya chai tunachemsha kwa gesi. Pilau na maharage napika nyumbani, nagandisha kwenye mifuko iliyolazwa bapa. Kambini ni kupasha tu. Ugali unapikwa humo huku feni ya juu ikizunguka na dirisha likiwa wazi. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari hata mvua ikinyesha. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo inaua.

Kabla ya kulipia kiwanja, soma idadi ya watu. Katika hifadhi ya Yosemite, kwa mfano, kiwanja kimoja ni watu sita, watoto wakiwemo, kwa hiyo wanane wanahitaji viwili. Ukifika, weka kabari magurudumuni, pima kwa pimamaji kushoto na kulia, halafu mbele na nyuma. Friji ya gesi haipozi vizuri gari likiinama.

Siku ya kuondoka upepo wa matairi unapimwa asubuhi, gari likiwa halijatembea. Tairi likishapata moto kipimo kinapanda, na utajikuta unapunguza upepo ambao haukuwa umezidi.