Septemba hii mkasi uweke chini kwanza

Kamwene jamani. Baridi imeanza kuachia huku Njombe, asubuhi unaweza kutoka na koti moja tu, na parachichi zimejaa maua mpaka majani yanajificha. Ndo kipindi ambacho simu yangu haipumziki, kila mtu anauliza apulizie nini, aweke mbolea gani, akate matawi yapi. Jibu langu siku hizi linawaudhi watu: kwenye Hass, hii aina ya parachichi ninayolima, kwa sasa usifanye kitu kikubwa. Na hilo jibu nimelipata kwa hasara.

Mwaka juzi nilienda Dodoma kwa shemeji yangu, yeye analima zabibu. Nikamkuta na mkasi anakata mpaka unauonea mzabibu huruma, tawi zima anabakiza macho mawili matatu ya kuchipua. Kule wanavuna mara mbili kwa mwaka na wakishavuna wanarudi tena na mkasi, maana zabibu inazaa kwenye chipukizi jipya, usipokata unafuga kichaka. Mi nikaona aah, kumbe siri ndo hii. Nikarudi Njombe mwanzoni mwa Septemba nikaingia na vijana wawili kwenye miti yangu 140 ya Hass, siku tatu tunakata ncha za matawi. Sasa Hass maua yake yanatokea wapi? Kwenye ncha hizo hizo. Yaani niliwalipa vibarua wanipunguzie mavuno.

Halafu nilivyoona miti imenyong'onyea nikaenda duka la pembejeo, jamaa akaniambia weka mbolea ya yurea itachangamka. Ikachangamka kweli! Majani mapya kila mahali, na vile vitunda vilivyokuwa vimesalimika, vya ukubwa wa harage, vikaanza kudondoka kila siku maana chakula chote kimekimbilia kwenye majani. Mzee wangu akapita shambani, akaangalia, akasema "mwanangu, siku hizi unalima mboga?" Nilikosa la kumjibu.

Sasa hivi kabla sijashika kitu chochote naangalia ua kwanza. Nenda saa nne asubuhi, shika ua la Hass lililofunguka siku hiyo: katikati utaona kisindano kimoja kimesimama na pembeni vijiti vya chavua vimelala. Hapo ua ni jike. Mchana linafunga, kesho yake mchana linafunguka tena, na safari hii vile vijiti vimesimama vina unga wa njano, limekuwa dume. Fuerte, aina nyingine ya parachichi, inaenda kinyume, jike mchana na dume asubuhi ya pili, ndo maana nimechomeka Fuerte chache katikati ya Hass, zisaidiane. Baridi ikikaza ratiba yote inavurugika. Na mbebaji wa ule unga ni nyuki, kwa hiyo dawa ya wadudu wakati maua yamefunguka mi sipulizi, ikinibidi kabisa basi ni jioni nyuki wameshalala. Jirani yangu, mama mmoja mwenye mizinga, tumekubaliana nampigia simu kabla sijabeba bomba mgongoni.

Na msishtuke maua kudondoka. Mti mkubwa unaweza kutoa maua mpaka milioni na hata moja katika mia halifiki kuwa tunda la kuvuna. Parachichi inajipunguza yenyewe, wala haihitaji ruhusa yako.

Epo ndo haina hiyo akili. Nina miti 30 pale nyumbani pamoja na mafyulisi, hiyo mkasi wake ni Julai ikiwa imepukutisha majani, na Septemba inatoa maua, kwenye kishada kimoja matano au sita. Yakikamata yote ukayaacha, unavuna vigololi na mwakani mti unagoma. Kwa hiyo mwezi wa kumi napita kishada kwa kishada, naacha tunda moja, likizidi sana mawili, mengine nayatoa kwa mkono. Mwaka jana mzee alikuwa anapita nyuma yangu anayaokota anayatia kwenye mfuko wa koti, machungu hayaliki, ila ananiambia namwaga chakula. Wakati wa kuvuna alikula makubwa yale bila kusema kitu.

Mengine ni ya kawaida. Mvua haiji mpaka Novemba huko, kwa hiyo miche midogo naipa maji ndoo ya lita 20 kwenye kisahani, kile kishimo cha kuzunguka shina, mara mbili kwa wiki, na nyasi kavu za kutosha juu ya kisahani ila zisiguse shina, acha nafasi ya kiganja maana mchwa wanapenda sana hapo na shina linaoza. Kwa ile miti niliyoiacha uchi mwaka juzi nilipaka chokaa kwenye matawi, jua la huku mwezi wa kumi linababua gamba kabisa. Samadi naweka mvua ikishashika.

Kesho naamkia kwenye barabara ya moto upande wa juu, ile njia tupu ya kuzuia moto usiingie shambani, kufyeka na kulima mpaka udongo uonekane. Jirani wa huko ameanza kusafisha shamba lake, nimemuona jana anakusanya makapi, na huyu bwana mimi na kiberiti chake simuamini hata kidogo.